Majina ya Mume Wangu

Siku ya posho, 5 Septemba 1992

Posho yenyewe hakuna. Limebaki jina tu. Zamani siku kama ya leo kiwanda kiligawa unga na samaki, watu wakarudi nyumbani na mifuko kichwani. Sasa Jumamosi tunaiita hivyo kwa mazoea.

Asubuhi, chakula cha farasi: pumba za mahindi, maji, chumvi kidogo. Pumba zina mchanga. Yule mwanamke wa kinu kule Kikula ananiona mjinga. Nimezipepeta mwenyewe. Kapita alikula, Sista alikula, Mbuyi alikula akataka tena. Ananyonyesha, ana haki.

Mbuyi mume wangu alisafisha kwato kabla ya kwenda zamu. Mbuyi farasi akamlalia begani, kama kawaida yake. Wageni wakija hapa wanachanganyikiwa. Ukisema Mbuyi ana njaa, wanauliza yupi. Kosa la Baba. Siku ya ndoa yetu alisimama mbele ya wakwe akasema, umenichukulia binti, basi na mimi nachukua jina lako. Akalitia kwa farasi jike aliyezaliwa wiki ile. Wakwe walicheka mpaka machozi. Tangu siku ile mume wangu na farasi ni majina, yaani wanaitwa jina moja, na mtu na majina yake hawapitani hivi hivi. Kila asubuhi anamwambia: "Majina, umelalaje?" Farasi hajajibu hata siku moja, naye hajaacha kuuliza.

Mtoto wa Mbuyi bado hana jina. Baba hana haraka. Anasubiri mtoto ale pumba mkononi mwake, ndipo anamnong'oneza jina sikioni. Mwenyewe kwanza, sisi baadaye. Anasema si heshima mtu kusikia jina lake kwa majirani. Huyu wa sasa ananyonya tu, pumba anazikanyaga. Mvivu.

Jioni nilisimama kwenye uzio nikaita. Mbuyi ooo! Akatoka mbio kwenye majani marefu, mvivu nyuma yake. Saa hiyo naipenda kuliko zote. Mungu hakutupa watoto. Alitupa hawa.

Siku ya Mungu, 13 Septemba

Kwenye misa mabenchi ya kushoto yalikuwa matupu. Hukaa jamaa za mume wangu pale. Padri alihubiri upendo bila kuangalia upande ule. Nilikasirika. Mama mmoja wa kwaya, tumeimba pamoja tangu usichana, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama mume wangu bado yuko. Kama vile anamuulizia mgonjwa.

Kikula nyumba zinavunjwa. Wanang'oa milango, mabati, mpaka vitanda. Vijana wanaimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Mume wangu kazaliwa Likasi, hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kasai hajaiona hata kwa picha. Kwao ni wapi basi?

Siku ya tatu, 16 Septemba

Mume wangu wamemrudisha kwenye mlango wa kiwanda, asiingie. Fundi wao wa mashine, ambaye walikuwa wakituma mtu kumwamsha kitandani kitu kikiharibika. Amerudi na bakuli lake la chakula halijafunguliwa. Tukakila pamoja mchana, mezani, kama wageni. Akafanya mzaha, eti sasa yeye ni mfanyakazi wa Baba na mshahara wake ni nyasi. Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni.

Siku ya tano, 18 Septemba

Tumemhamishia mume wangu ghalani. Mchana hatoki. Baba ndiye aliyeamua, bila mkutano. Alipanga marobota ya nyasi kavu yeye mwenyewe, nyuma akaacha nafasi ya mtu kulala, akaitandika vizuri. Ndivyo anavyomtandikia farasi aliyekaribia kuzaa.

Nilimtazama nikamwonea huruma. Ujana wake wote aliosha farasi wa wazungu kwenye klabu yao. Kupanda hakuruhusiwa. Akapanda alfajiri, bila tandiko, kabla hawajaamka. Walipokimbia, mmoja wao alimwachia farasi jike mwenye mguu mbovu. Wenzake walimwambia achinje wale nyama. Baba akaukanda ule mguu kwa maji ya moto mpaka farasi akasimama. Shamba lote hili limetoka kwenye mguu ule. Marehemu Mama alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ana mkia.

Tuliwahi kuwa na farasi mpaka banda halikutosha. Maharusi wa Likasi walipigwa picha juu ya farasi zetu. Wahandisi walikuja siku ya Mungu kupanda mpaka huko Kamatanda. Mwaka jana, baada ya watu kupora maduka, wazungu waliobaki wakaondoka. Dawa zikaondoka nao. Mbung'o wakafanya kazi yao. Tumebaki na dume mzee Kapita, na Sista asiyezaa tena, na Mbuyi, na mvivu. Yaani tumebaki na Mbuyi.

Siku ya nne, 24 Septemba

Nimefanya upumbavu.

Jioni niliita kwenye uzio. Mbuyi ooo, rudi nyumbani! Mazoea tu, mdomo ulikwenda wenyewe. Barabarani walikuwa wanapita vijana na baiskeli iliyobeba mabati ya watu. Wakasimama. Farasi alikuwa mbali majanini, hawakumwona. Waliniona mimi. Wakasemezana, wakaenda. Mbuyi alipofika kwenye uzio hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jina nimeliita miaka yote, halikuwahi kuwa kosa. Sijawaambia wala Baba wala mwenyewe ghalani. Labda hawakusikia vizuri. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Siku ya tano, 25 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa, halafu sitaandika tena juu yake.

Walikuja asubuhi, wengi, na fimbo na mapanga. Mkubwa wao alikuwa na redio begani.

"Mbuyi iko wapi? Jana tulisikia unamuita."

Sijafungua mdomo, Baba akasema anamleta. Akaingia bandani, akatoka na farasi. Akasema huyu ndiye Mbuyi. Kisha wakacheka, wote. Hata mimi nilikaribia kucheka. Nilidhani tumepona.

Mkubwa wao hakutaka kuondoka amechekwa. Akaanza kuwauliza farasi mmoja mmoja, kama askari kwenye kizuizi anavyouliza watu. Huyu nani? Kapita. Kapita abaki. Huyu? Sista. Abaki. Na huyu mtoto? Hana jina. Abaki. Lakini Mbuyi ni jina la Kasai, basi naye arudi kwao, apelekwe gare, stesheni ya reli, angoje treni na wenzake. Akashika kamba.

Baba hakuachia. Mzee mifupa mitupu, ameng'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili. Wakamsukuma. Alianguka chini na kamba yake mkononi. Mmoja akainua fimbo.

Hapo mume wangu akatoka ghalani, nyasi kichwani, anapepesa macho kwa mwanga, akajigusa kifua.

"Muache muzee. Mbuyi ni minye."

Hakuna aliyecheka tena. Wakawapeleka wote wawili, mtu na majina yake. Kamba walimpa yeye aishike. Walipita kwenye barabara ya Likasi mbele ya majirani, na majirani wakatazama. Hakugeuka nyuma. Najua kwa nini hakugeuka.

Siku ya posho, 26 Septemba

Mvivu analia. Amelia usiku kucha, analia mpaka sasa. Mara natamani kumpiga, mara namkumbatia shingo.

Baba amelala ubavu mmoja.

Ni sauti yangu iliyowaleta. Basi.

Siku ya pili, 29 Septemba

Nimefika gare. Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Familia nzima zimekaa chini na vitanda vyao, mashine za kushona, picha za ukutani. Wanangoja treni na hakuna anayejua ya lini. Nimekutana na fundi nguo wangu. Nimekutana na mwalimu aliyenifundisha kuandika. Tumesalimiana kama tuko sokoni.

Mume wangu nilimpata mwisho wa jukwaa. Farasi kamfunga kwenye nguzo ya reli. Wale vijana waliwafikisha tu pale, wakachoka na mzaha wao, wakaenda. Mdomo wa mume wangu umevimba. Anasema hakuna kitu. Nilitaka kumwambia habari ya uzio. Nikamwambia. Akasema alinisikia siku ile, alikuwa ghalani, na kwamba kila jioni alikuwa akiitikia kimoyomoyo.

Chuchu za farasi zimejaa, zinavuja. Mume wangu alimkamua kwenye chupa, akanipa nimpelekee mvivu. Nikatia kwenye kikapu. Pale pa kutokea nikamwona mwanamke amekaa na kitoto, anakiwekea titi lisilo na kitu. Kitoto kinalia bila sauti. Nikapita. Nikarudi. Nikampa chupa. Halafu njia nzima nilimchukia, yeye na kitoto chake. Nyumbani mvivu alininusa mikono akanifuata mpaka jikoni.

Siku ya Mungu, 4 Oktoba

Misa nimeiacha. Sioni aibu.

Kule gare mume wangu amekuwa mtu mkubwa. Wanamwita baba farasi. Asubuhi akina mama wanapanga mstari na vikombe, yeye anakamua. Si mengi. Mwenye mtoto mdogo zaidi anatangulia, na ukileta ujanja anakurudisha nyuma. Nilimkuta anabishana na bibi mmoja aliyesema mjukuu wake ni mchanga, na mjukuu mwenyewe ana meno. Alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama nyumbani.

Shida ni majani. Kando ya reli hakuna jani lililobaki. Nabeba nyasi kichwani kutoka shambani. Wananitukana njiani, mke wa Mkasai. Ndiyo, mimi huyo.

Siku ya tatu, 14 Oktoba

Vijana wa njiani wamezimwaga nyasi zangu mtaroni tena, wakazikanyaga kwenye maji machafu huku wananitazama. Niliweza kufikisha pumba tu, chini ya kitenge, kama mwizi. Mbuyi alizimaliza, akalamba kitenge.

Maziwa yamekauka. Akina mama bado wanakuja na vikombe. Mume wangu anawaambia pole.

Mvua ya kwanza imewanyeshea wote. Tumbo la kuhara limeingia. Wanazika nyuma ya mabehewa mabovu. Kile kitoto kipo bado, nimekitafuta makusudi.

Leo mvivu amekula pumba. Mkononi mwa Baba. Nilisimama mlangoni nikingoja. Baba alimtazama kwa muda, akafuta mkono kwenye suruali, akaondoka. Jina hakutaja.

Siku ya nne, 22 Oktoba

Nguzo ilikuwa tupu. Ile kamba ya kichwani mwa farasi, ya ngozi, aliyoishona Baba, ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya sanduku la mume wangu. Nilielewa kabla hajasema. Jukwaa zima lilikuwa linanukia nyama. Watu waliniangalia, kisha wakaangalia chini.

Farasi alianguka jana asubuhi, akashindwa kuinuka. Wakaja wanaume kwa heshima wakamuuliza mume wangu kama wachinje. Wangeweza kutomuuliza. Alisema kisu atashika yeye, asiguswe na mgeni. Aliinama kwanza sikioni mwake. Alimwambia nini, hakunieleza.

"Batoto balikula," aliniambia. "Minye siwezi kukula majina yangu."

Nilimletea bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo. Hakugusa. Mwanamke mwenye kitoto akaja akakaa karibu nami, akanishika mkono. Leo sikumchukia.

Baba nilimwambia uso kwa uso. Aliuliza jambo moja, nani alishika kisu. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri. Halafu akaingia bandani akafunga mlango, na mimi nikabaki nje na ndoo. Mvua ikaanza. Sikuondoka.

Siku ya kwanza, 2 Novemba

Nimeamua. Nakwenda na mume wangu.

Ni siku ya marehemu. Nilipalilia kaburi la Mama nikamwambia yeye kwanza. Halafu Baba. Nilitegemea kelele. Alisema mke anafuata mume, na yeye ana Kapita, ana Sista, ana mvivu, si mtu peke yake. Alisema hivyo huku anakwangua ukwato uliokwisha kuwa safi. Maji hawezi kubeba tena tangu walipomsukuma. Bukari hajui kupika, siku zote hutoka na mabonge. Nayajua yote hayo. Nakwenda hivyo hivyo.

Mume wangu anasema mabehewa yao yanaondoka siku ya tano. Nisije kabla, kuna fujo huko, nije siku ileile asubuhi na mzigo mdogo. Nimefunga vitenge, sufuria moja, unga, rozari ya Mama.

Siku ya tano, 6 Novemba

Treni iliondoka siku ya tatu, juzi.

Mwisho wa jukwaa walikuwa wamekaa watu wengine, na sufuria zao, kama vile wamekaa hapo siku zote. Nilimuuliza kila mtu. Mwanamke mwenye kitoto ndiye aliyeniita, yeye ni wa treni nyingine. Alinipa ile kamba ya ngozi. Alisema mume wangu alijua siku tangu mwanzo. Alisema alimwambia kwamba mzee hana mtu, na kwamba huko aendako yeye mwenyewe hajui atalala wapi. Nikauliza, ujumbe wangu je? Akaona haya kidogo. Akasema, aliniambia nikuambie nyasi za ghalani uzigeuze, zitaoza kwa chini.

Mwongo. Mume wangu mwongo mkubwa. Ningemkuta ningempiga.

Mzigo niliuacha kwa yule mwanamke, na unga, na sufuria. Rozari nilibaki nayo. Kitoto chake kimeshika kidole changu, kina nguvu. Nilirudi na kamba. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Aliona mikono yangu, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.

Siku ya posho, 12 Desemba

Mvua kila siku. Majani yamepanda mpaka kiunoni. Msimu mzuri, na wa kula ni watatu tu.

Habari hakuna. Wengine wanasema treni zinachelewa njiani, zinakaa porini siku nyingi. Wengine nikiwauliza wanageuza mazungumzo, na hao ndio ninaowaogopa.

Nyasi nimezigeuza. Kweli zilikuwa zimeanza kuoza, pale pale alipokuwa analala.

Leo asubuhi Baba alishusha ile kamba ukutani. Akaipunguza kwa kisu, akatoboa tundu jipya, akamvalisha mvivu. Ikamkaa. Akamvuta sikio taratibu akaweka mdomo. Alinong'ona muda mrefu, jina gani refu hivyo sijui. Nilingoja atangaze. Alichukua ndoo ndogo, ile anayoiweza, akaenda kuteka maji. Sikumuuliza. Hakuna haja.

Jirani mmoja alipita, akasifu mtoto alivyokua, akauliza anaitwa nani. Nikasema bado.

Jioni nilikwenda kwenye uzio. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa napiga makofi tu. Barabarani walikuwa wanapita vijana, sijui kama ni walewale. Nilijaza kifua nikaita kwa sauti yangu yote:

"Majina ooo!"

Hawakusimama. Neno hilo halina kabila. Mvivu akatoka majanini mbio, kamba ya mama yake usoni, akanilalia begani. Nikamuuliza amelalaje. Halafu nikamfungia bandani na wenzake, nikaenda kumpikia Baba.